Kitinda mimba wa Napoleon na nchi iliyoliwa kabla ya kuiva

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliojibanza kule nyuma karibu na mlango: habari za jioni.

Juzi nilimwambia jirani yangu kwamba nimealikwa kuzungumzia Ujerumani ilivyotawaliwa na Wafaransa. Akaacha kumwagilia mchicha wake. "Mwalimu, Mjerumani naye aliwahi kutawaliwa?" Sikumlaumu. Babu zetu walimjua Mjerumani kwa boma, kwa kodi na kwa hamsa ishirini, zile fimbo ishirini na tano zilizohesabiwa kwa sauti ili kijiji kizima kisikie. Ni vigumu kumfikiria Mjerumani huyohuyo akipanga foleni kumlipa mgeni kodi, au akimficha mwanawe darini ili asichukuliwe jeshini. Lakini ilikuwa hivyo, kwa miaka kama ishirini, kuanzia 1794 hadi 1814. Na wajukuu wa watu hao ndio walioshuka pwani yetu miaka ya 1880.

Kwanza tuondoe kosa moja. Wakati huo hakukuwa na nchi iitwayo Ujerumani. Kulikuwa na Dola Takatifu ya Kirumi, mkusanyiko wa tawala zaidi ya 300: falme, ardhi za maaskofu, abasia, miji huru, na makabaila wadogo ambao ukirusha jiwe kutoka uani kwa mmoja linaangukia kwa mwenzake. Juu yao alikaa Kaisari huko Vienna, mwenye heshima nyingi na amri chache. Kwa hiyo anayeuliza "Wajerumani walisema nini Wafaransa walipoingia?" aulize kwanza: Wajerumani wa nani?

Wafaransa walichukua ukingo wa magharibi wa mto Rhine kwanza. Waliingia Köln Oktoba 1794. Mkienda Köln leo mtauziwa manukato yenye namba 4711 kwenye chupa, na mtasimuliwa kwamba askari wa Kifaransa aliiandika namba hiyo ukutani akiwa juu ya farasi. Hadithi tamu ya kuuzia chupa. Ukweli ni kwamba baraza la mji lenyewe liliamuru nyumba zipigwe namba siku chache kabla Wafaransa hawajafika. Naisema kwa sababu ndiyo hali ya historia hii nzima: kila badiliko linabandikwa jina la Mfaransa, jema kwa baya, hata lile ambalo wenyeji walikwisha kulianza.

Mwaka 1801, kwa mkataba wa Lunéville, ukingo ule ukawa Ufaransa rasmi, ukagawanywa mikoa minne yenye makao Aachen, Koblenz, Trier na Mainz. Wakuu wa Kijerumani waliopoteza ardhi upande ule walitaka fidia. Fidia itoke wapi? Kwa Kanisa, na kwa wadogo wasio na jeshi. Wakuu hao wakaenda Paris kumbembeleza waziri Talleyrand, naye hakuwa mtu wa kukataa bahasha. Tarehe 25 Februari 1803 tawala 112 zikafutwa kwa karatasi moja. Maaskofu waliotawala miji kwa karne nyingi wakabaki na misalaba yao tu. Miji huru 51 ikabaki sita. Waliogawana walikuwa Wajerumani, na nyama aliikata Mfaransa.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Bavaria na Württemberg zikapandishwa kuwa falme siku ya mwaka mpya wa 1806. Tarehe 12 Julai mwaka huohuo wakuu 16 wakatia saini mjini Paris kuanzisha Muungano wa Rhine, Napoleon, Kaisari wa Wafaransa, akiwa mlinzi wake. Ulinzi huo ulikuwa na bei, imeandikwa mle mle mkatabani: ikitokea vita, Bavaria italeta askari 30,000, Württemberg 12,000, Baden 8,000, Berg 5,000, Darmstadt 4,000, na wadogo waliobaki 4,000 kwa pamoja. Jumla 63,000. Tarehe 6 Agosti Kaisari Franz akavua taji la dola ile ya kale. Alikuwa mjanja: tangu 1804 alikwisha kujitengenezea taji jingine la Austria, hivyo hakulala kichwa wazi hata usiku mmoja. Oktoba 14 Prussia, ule ufalme wa Kijerumani wenye makao Berlin, ikavunjwa mgongo katika mapigano ya Jena na Auerstedt, na wiki mbili hazijaisha Napoleon yuko Berlin.

Akiwa Berlin aliwashusha farasi wanne wa shaba walio juu ya lango la Brandenburg, akawapeleka Paris. Walirudi 1814, na watu wa Berlin wakashangilia barabarani kitu chao kurudi nyumbani. Nikifika hapa huwa nakohoa kidogo, maana mifupa ya mjusi mkubwa wa Tendaguru, iliyochimbwa kule Lindi kati ya 1909 na 1913 na kubebwa mabegani na watu wetu mpaka bandarini, ingali imesimama Berlin hadi leo. Haya, tuendelee.

Sitawatembeza Ujerumani nzima leo, tutachoka wote. Nataka tukae mji mmoja, Kassel, kwa sababu pale Napoleon alifanya jambo ambalo hakulifanya kwingine kwa uwazi ule. Alijenga nchi mpya kutoka chini, akaipa katiba, akatangaza kuwa ni nchi ya mfano, na papo hapo akaanza kuila.

Kassel ilikuwa ya mtu aitwaye Wilhelm wa Hesse. Utajiri wa ukoo huu ulikuwa maarufu Ulaya nzima, na ulikuwa na harufu. Baba yake aliwakodisha vijana wa nchi yake kwa Mfalme wa Uingereza wakapigane vita vya Marekani, kama mtu anavyokodisha trekta wakati wa kulima. Fedha hizo baadaye zilisimamiwa kwa sehemu na Mayer Amschel Rothschild wa Frankfurt, na huko ndiko jina hilo lilikopanda. Mwaka 1803 Wilhelm alipewa cheo cha Mteuzi, yaani mmoja wa wakuu wachache wenye haki ya kumchagua Kaisari. Miaka mitatu baadaye dola ikafa, hakuna Kaisari wa kuchaguliwa. Hakuwahi kumchagua mtu yeyote maishani mwake, lakini cheo alikishikilia mpaka kaburini, na mwanawe na mjukuu wake wakakirithi. Tarehe 1 Novemba 1806 Wafaransa waliingia Kassel, naye akatoroka.

Napoleon akachukua Hesse yake, akaongeza Brunswick, akaongeza vipande alivyoinyang'anya Prussia na vya Hanover, akashona ufalme wenye watu kama milioni mbili. Akauita Westphalia, ingawa sehemu kubwa ya Westphalia yenyewe haikuwamo. Mikoa minane, yote ikapewa majina ya mito na milima kwa mtindo wa Kifaransa: Elbe, Saale, Harz, Oker, Leine, Werra, Fulda, Weser. Majina ya koo za makabaila yakafutwa kwenye ramani. Kisha akamkalisha kwenye kiti mdogo wake wa mwisho.

Jérôme Bonaparte alikuwa kitinda mimba, na alikuwa kitinda mimba kwa tabia pia. Akiwa kijana mwanamaji alitia nanga Marekani, akamwoa msichana wa Baltimore, Elizabeth Patterson, bila kumuuliza kaka yake. Kaka akaifuta ndoa, akamtafutia binti wa Mfalme wa Württemberg, Katharina. Basi Agosti 1807 kijana akaoa, na mwishoni mwa mwaka akaingia Kassel, hajui Kijerumani. Wenyeji walisema alijua maneno matatu tu, yenye maana ya "kesho tena raha", wakamwita Mfalme Raha. Kasri la Wilhelmshöhe, lile lililo juu ya kilima na maporomoko ya maji, likabadilishwa jina likawa Napoleonshöhe.

Katiba ilitiwa saini tarehe 15 Novemba 1807, siku Jérôme alipotimiza miaka 23. Ilikuwa katiba ya kwanza iliyoandikwa katika nchi yoyote ya Kijerumani. Siku hiyohiyo Napoleon alimwandikia barua, na barua hiyo ipo. Anamwambia, kwa maneno yangu mimi: watu wa Ujerumani wanangoja kwa hamu siku ambayo mtu asiye kabaila lakini mwenye kipaji atapata kazi sawa na kabaila, wanangoja utwana ufutwe, mahakama ziwe wazi, sheria iwe moja. Ukiwapa haya, kiti chako kitalindwa vizuri kuliko kwa mto Elbe na ngome zake. Mtu aliyekwisha kuonja utawala mwema, anauliza, atatamani vipi kurudi chini ya Prussia?

Ni barua nzuri. Mimi nikiwa kijana, mara ya kwanza kuisoma, niliiamini yote.

Halafu nikaisoma katiba yenyewe, kwa mpangilio wake, na nawaomba mwangalie mpangilio huo. Usawa wa watu wote mbele ya sheria, na uhuru wa kuabudu, viko kifungu cha 10. Kufutwa kwa utwana kuko kifungu cha 13. Sheria ya Napoleon, yaani sheria ya madai ya Wafaransa, kuanzia Januari 1, 1808, iko kifungu cha 45. Lakini kifungu cha 2, ambapo msomaji hajapata hata kukaa vizuri, kinasema Kaisari wa Wafaransa anajibakizia nusu ya ardhi za watawala wa zamani, ili awazawadie maofisa wake. Na kifungu cha 5 kinasema Westphalia itatoa askari 25,000. Nusu yake kwa kuanzia watakuwa Wafaransa 12,500 watakaokaa ngome ya Magdeburg, na mfalme wa Westphalia atawalipa, atawalisha na atawavisha. Aliyeandika alianza na chake.

Hapo ndipo kisu kilipogusa mfupa, na naomba mnivumilie nieleze taratibu. Mkulima wa Hesse au Brunswick alikuwa amefungwa kwa kamba nyingi. Alidaiwa siku kadhaa za shokoa kwenye shamba la bwana, sehemu ya mavuno, kuku wa sikukuu, ada ya kuoa, ada ya kurithi. Katiba ikasema kamba za mwili zimekatwa. Huyu sasa ni mtu huru. Sawa. Lakini madai yaliyoonekana kutokana na ardhi, yaani zile siku na mavuno na ada, hayakufutwa. Ilibidi ayanunue. Atoe fedha ya miaka mingi kwa mkupuo ndipo awe huru kweli. Fedha hiyo hakuwa nayo.

Kwa nini serikali ya mageuzi haikuifuta tu, kama Wafaransa walivyofanya kwao 1793? Hesabu ni rahisi. Nusu ya zile ardhi walipewa majemadari na wakubwa wa Ufaransa, na jemadari alipopewa shamba kule Ujerumani hakupewa majani na miti tu. Alipewa mapato yake, na mapato yake yalikuwa ni yaleyale madai ya kale ya mkulima. Ukimfungua mkulima, jemadari anakosa posho. Kila ofisa wa Kassel aliyetaka kusogeza mageuzi hatua moja alimkuta mlangoni wakala wa mtukufu fulani wa Paris, mkononi ana daftari la kuku na magunia. Mapinduzi yaliyokata ukabaila Ufaransa yakawa ndiyo mlinzi wa ukabaila ng'ambo ya Rhine.

Wapo wanaosema Westphalia ilishindwa kwa sababu ya anasa za Jérôme. Anasa zilikuwepo: karamu, tamthilia, sare mpya kila msimu. Mwaka 1808 alijaribu hata kumvuta Beethoven aje kuwa mkuu wa muziki Kassel. Beethoven alifanya afanyavyo mfanyakazi mwerevu mwenye barua ya ajira mpya mfukoni: akawaonyesha matajiri wa Vienna, na Machi 1809 watatu kati yao wakamwekea malipo ya florini 4,000 kwa mwaka ili abaki. Lakini jumlisha karamu zote, hazifiki mbali ukiziweka karibu na askari wa Magdeburg, nusu ya ardhi, fidia ya vita na jeshi la kulisha. Mfalme alikopa, akakopa tena kwa lazima, raia wakilazimishwa kununua hati za deni ambazo thamani yake ilishuka hata wino haujakauka. Mapema 1810 kaka alimpa Hanover kama zawadi, mdogo mtu akafurahi. Mwaka haujaisha akamnyang'anya sehemu ya kaskazini, kwa kuwa aliihitaji pwani. Nani anatawala hivyo?

Tusiwe wachoyo lakini. Yapo yaliyofanyika pale ambayo hayakuwa karatasi tupu. Mahakama zilifunguliwa milango, mashahidi wakasikilizwa kwa sauti mbele ya watu. Bunge lilikutana katika jengo la Fridericianum, wajumbe 100: wenye ardhi 70, wafanyabiashara 15, wasomi 15. Lilikutana mara mbili tu, 1808 na 1810, halafu likasahauliwa. Na kwa amri ya Januari 27, 1808, Wayahudi wa Westphalia walipata haki sawa na raia wengine wote, jambo ambalo hakuna nchi nyingine ya Kijerumani iliyokuwa imelifanya kikamilifu hivyo. Israel Jacobson, mwenye benki wa Brunswick, aliongoza baraza lao, na mwaka 1810 akafungua Seesen hekalu lenye kinanda na mahubiri ya Kijerumani. Kwa familia ambayo jana ililipa ushuru wa mwili kila ilipovuka mpaka wa mji, kama mzigo wa ngozi, hilo halikuwa jambo dogo.

Kuna kijana mmoja ambaye napenda kumtazama katika Kassel ya miaka ile. Ana miaka 23, ana mama mgonjwa na wadogo wa kulisha. Mama anafariki mwaka 1808, na majira ya joto mwaka huo kijana anapata kazi: mtunza maktaba binafsi ya Mfalme Jérôme, kule Napoleonshöhe. Mshahara mzuri, kazi kidogo, maana mfalme hakuwa msomaji. Jina lake Jacob Grimm. Muda aliobakiwa nao aliutumia na mdogo wake Wilhelm kukusanya ngano za Kijerumani. Yaani ngano ambazo baadaye zilifanywa nguzo ya Ujerumani, sehemu ya mkate wa mkusanyaji wake ilitoka kwa mfalme wa Kifaransa. Usiku mmoja wa Novemba 1811 kasri la mjini likashika moto, na Jacob alikuwa mmoja wa waliopanda kwenye moshi kuokoa vitabu, vikashushwa vimefungwa kwenye mashuka makubwa kama nguo za dobi. Na mmoja wa wasimulizi wao wakubwa, mama muuza mboga Dorothea Viehmann, alizaliwa katika nyumba ya wageni iitwayo Knallhütte, nje kidogo ya Kassel. Upande wa baba yake walikuwa Wafaransa, wakimbizi wa dini. Ukianza kutenganisha nani ni nani katika nchi hii, utakesha.

Nimeitaja Knallhütte kwa makusudi. Tarehe 22 Aprili 1809, mahali hapohapo, wakulima wenye mapanga na bunduki za kuwindia walikutana na mizinga ya Jérôme. Aliyewaongoza alikuwa kanali wa walinzi wa mfalme mwenyewe, Wilhelm von Dörnberg, aliyekuwa amekula naye meza moja. Risasi chache za mizinga, wakatawanyika. Mwezi uliofuata meja wa Prussia, Ferdinand von Schill, aliyeamua kupigana bila kibali cha mfalme wake, aliuawa Stralsund, na maofisa wake kumi na mmoja wakapigwa risasi Wesel mwezi Septemba. Watu wengi walikaa kimya majumbani. Waliona hasira peke yake haivunji mizinga.

Kilichoigusa kila nyumba, hata ya asiyejua siasa, kilikuwa kahawa. Napoleon alipokuwa Berlin, Novemba 1806, aliamuru bidhaa za Uingereza zisiingie bara lote la Ulaya. Kahawa na sukari vilikuja kwa meli, meli zilikuwa za Waingereza. Wajerumani wakajifunza kunywa mzizi wa chikori uliokaangwa, na kuchemsha sukari kutoka kwenye kiazisukari. Hamburg ndiko kulikokuwa na mchezo wenyewe. Mji wa Altona, uliogusana nao ukuta kwa ukuta, ulikuwa wa Mfalme wa Denmark, na bidhaa za magendo zilijaa kule. Bourrienne, mwakilishi wa Napoleon pale Hamburg, alisimulia baadaye jinsi watu wa kitongoji kimoja walivyoanza ghafla kuwa na misiba isiyokwisha. Kila siku jeneza, kila siku gari la maiti na waombolezaji nyuma. Maofisa wa forodha wakavua kofia kwa heshima, mpaka mmoja akajiuliza: maradhi gani haya? Walipofungua gari hawakukuta marehemu. Walikuta sukari, kahawa na vanila.

Kicheko hicho hakikudumu. Desemba 1810 Hamburg, Bremen na Lübeck zilimezwa kabisa zikawa Ufaransa. Na wakati mambo yalipogeuka, majira ya baridi ya 1813, Marshal Davout akiwa amezingirwa Hamburg aliamuru kila asiyeweza kuonyesha chakula cha miezi sita atoke nje ya mji. Krismasi hiyo maelfu walitolewa kwenye theluji, wazee na watoto na wagonjwa. Zaidi ya 1,100 kati yao walikufa Altona na kuzikwa huko.

Lakini nimetangulia mbele. Nirudi 1812. Napoleon aliita deni lake la askari, lile la mkataba wa 1806, lote kwa mara moja, aende nalo Urusi. Westphalia ilitoa zaidi ya 20,000. Jérôme alikwenda akiwa kamanda, akagombana na Davout kuhusu nani anamwamuru nani, akakasirika, akageuza farasi mwezi Julai na kurudi Kassel. Vijana wake hawakuwa na farasi wa kugeuza. Walisonga mbele mpaka Borodino, karibu na Moscow, na waliorudi nyumbani walikuwa wachache mno. Ni vijiji vingapi vya Hesse vilivyobaki na mabinti wasio na wa kuwaoa, kila mtu atajaza mwenyewe. Bavaria, Württemberg, Saxony nazo vivyo hivyo. Wakuu walikuwa wamelipia mataji yao kwa mkopo, na waliolipa rejesho ni watoto wa watu.

Baada ya hapo kuanguka kulikuwa kwepesi. Kozaki, wapanda farasi wa Urusi, waliingia Kassel mwishoni mwa Septemba 1813, Jérôme akakimbia, akarudi kidogo, kisha vita vya Leipzig vya tarehe 16 hadi 19 Oktoba vikamaliza maneno. Bavaria ilikwisha kugeuka siku chache kabla, na Wasaksoni waligeuka katikati ya mapigano. Oktoba 26 Mfalme Raha aliondoka mara ya mwisho. Ufalme wa mfano uliishi miaka sita.

Wilhelm Mteuzi akarudi Novemba. Watu walimshangilia, baadhi yao wakafungua farasi na kulivuta gari lake wenyewe. Naye akaanza kazi kana kwamba ametoka kulala usingizi wa miaka saba. Aliwarudisha maofisa kwenye vyeo walivyokuwa navyo 1806. Aliamuru askari wafuge tena ule mkia wa nywele kisogoni, mtindo wa karne iliyopita. Sheria za Jérôme akazifuta, na shokoa na ada zikarudi kama zilivyokuwa. Waliokuwa wamevuta gari lake walipata muda wa kutosha wa kufikiri.

Kule ukingo wa Rhine mambo yalikuwa tofauti, na tofauti hii ndiyo hoja yangu. Kule Wafaransa walikaa miaka ishirini, mali za Kanisa na makabaila ziliuzwa kwa wenyeji, madai ya kale yakafutwa kweli. Prussia ilipopewa Köln na Trier mwaka 1815 na kutaka kuingiza sheria zake, watu walewale waliochoshwa na jeshi la Wafaransa walisimama kidete kutetea sheria ya Wafaransa. Wakaiita sheria ya Rhine, kana kwamba imeota mtoni. Prussia ikashindwa. Sheria ile ilitumika mpaka siku ya mwisho ya 1899, ndipo Ujerumani nzima ikapata sheria moja ya madai. Hakuna aliyevuta gari la mfalme wa zamani ili arudishiwe shokoa, pale ambapo shokoa ilikwisha kuondoka kweli. Kassel walipewa ahadi, Köln walipewa hati.

Wayahudi nao walipokonywa haki zao kwa neno moja. Katika mkutano wa Vienna, ulioipanga upya Ulaya baada ya Napoleon na kuunda muungano mpya wa nchi za Kijerumani, rasimu ilisema watabaki na haki walizokwisha kupewa katika nchi za muungano. Mjumbe wa Bremen akashauri marekebisho madogo, yakapita bila kelele: haki walizokwisha kupewa na nchi za muungano. Rudieni masikioni mwenu. Katika, na. Haki za Westphalia, za Hamburg, za Frankfurt zilitolewa katika nchi hizo, lakini zilitolewa na Mfaransa au na watu aliowaweka. Kwa hiyo hazikuhesabika.

Naona mkono kule nyuma. Sema binti. Ndiyo, swali zuri: madeni ya Jérôme nani aliyalipa?

Jérôme mwenyewe hakulipa. Aliishi vizuri, mpwa wake, Napoleon wa Tatu, alipotwaa Ufaransa akampa cheo cha Marshal, akafa 1860 ana miaka 75. Waliolipa ni wengi, lakini nitawataja kundi moja tu. Serikali yake ilipoishiwa ilikuwa ikiuza ardhi za serikali, na watu wa kawaida wenye akiba walinunua, kwa fedha taslimu, wakapewa hati zenye muhuri wa mfalme. Wilhelm aliporudi alisema mwizi hawezi kuuza mali ya mwenyewe, akachukua ardhi bila kurudisha hata senti. Wanunuzi hao wakaenda kushtaki kwenye baraza la muungano kule Frankfurt, hati mkononi. Baraza likajadili. Likaahirisha. Walikuwa wakirudi mwaka hadi mwaka, baadaye wanakuja watoto wao, na hati zilezile zenye muhuri wa Westphalia, nchi ambayo karani wa mapokezi alikuwa haijui tena.